YAH: MALALAMIKO KUHUSU RATIBA YA KAZI ZA USULI NA MGAWANYO WA MZIGO WA SEVA

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa niaba ya chama chetu cha akiba na mikopo, nalalamikia jinsi kazi za usuli (zinazojiendesha zenyewe nyuma ya pazia) za mfumo mliotuuzia zilivyopangwa tangu mlipotuhamishia kwenye seva zenu mpya, kwani kwa miezi 3 mfululizo, kila tarehe 1 asubuhi, wanachama wetu wamesimama dirishani bila huduma.

Chanzo tumekibaini wenyewe kwa kusoma kumbukumbu za seva. Kazi ya kukokotoa riba ya mwisho wa mwezi, ambayo huchukua takribani saa 6, zamani ilianza saa 6 usiku na kwisha alfajiri. Seva mpya zinafuata saa za UTC, yaani saa za rejea za kimataifa, zilizo nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3, na fundi wenu alinakili ratiba ile ile bila kuigusa. Sasa kazi hiyo inaanza saa 9 usiku, na tunapofungua madirisha saa 2 asubuhi bado inaielemea seva na kufunga (kuzuia zisiguswe) rekodi za akaunti ambazo makarani wanazihitaji.

Tarehe 1 mwezi huu nilisimama nyuma ya makarani. Dirisha la kwanza na la tatu yaliendelea na kazi. La pili na la nne yaliganda, kwa sababu kisawazisha mzigo chenu, kinachoamua mtumiaji aende seva ipi, kinagawa watumiaji kwa zamu, huyu seva hii, yule seva ile, pasipo kuangalia ipi imeelemewa. Mama mmoja aliyefuata ada ya mjukuu wake alikaa hadi saa 4 na nusu, kitabu cha akiba mkononi, akiwatazama waliokuja baada yake wakilipwa dirisha la jirani. Muamala wake ulikuwa umefunguliwa nusu, hivyo hatukuthubutu kumhamisha asije akakatwa mara mbili. Alituuliza kama tunabagua watu. Swali hilo limeniuma sana.

Kitengo chenu cha huduma kimejibu kwamba tulipie seva ya tatu. Hatukubali. Kwa mgawanyo huo huo wa zamu, karani mmoja kati ya watatu ataendelea kuangukia seva iliyoelemewa, na rekodi zitaendelea kufungwa kwa kuwa hifadhidata, zinamokaa rekodi zote, ni moja.

Tunataka ratiba ifuate saa za Dar es Salaam. Riba ikokotolewe kwa mafungu madogo, rekodi zikiachiwa kila fungu linapokamilika. Na seva inayoendesha kazi hiyo isipangiwe watumiaji hadi imalize. Marekebisho haya yajaribiwe kabla ya usiku wa mwisho wa mwezi huu, fundi wenu awe zamu usiku huo hadi tutakapofungua madirisha, nasi tupate majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 7.

Wako,
Meneja wa TEHAMA