Hadubini ile haikuwa na slaidi

Mhariri,

Mara ya mwisho nilikuandikia kuhusu taa za Barabara ya Jogoo. Ukanyamaza, nami nikanyamaza. Imepita miaka tisa. Ningeendelea na kimya changu kama si ile picha uliyoitandaza nusu ukurasa Jumanne ya juma lililopita, juu ya ripoti ya kongamano la kumwezesha mtoto wa kike kwa elimu, afya na sayansi.

Bila shaka unaikumbuka. Wageni mashuhuri wanane wamejipanga nyuma, wanatabasamu hadi gego la mwisho, na mbele yao kuna msichana wa shule aliyevishwa koti jeupe ambalo bado lina mikunjo ya pakiti, ameinamia hadubini. Mimi nimefundisha biolojia miaka 31, kwa hiyo macho yangu hayakwenda kwa wageni. Hadubini ile haina slaidi, kile kipande cha kioo kinachobeba kitu cha kutazamwa. Waya wake wa umeme umekunjwa, umefungwa kwa mpira, umelala kando. Mtoto wa watu alikuwa anatazama giza, na chini ya picha mkaandika kwamba anavumbua.

Siku hizohizo mimi nilikuwa kwenye foleni ya zahanati na mjukuu wangu. Ana miaka 12, yuko Gredi ya Saba. Chanjo ya HPV, ile ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, imekuwa ikitolewa bure tangu 2019 kwa wasichana kuanzia miaka 10, nami nikadhani ni kazi ya dakika tano. Mara ya kwanza tulikwenda Jumatatu, tukaambiwa chanjo ni Alhamisi. Alhamisi mtoto ana shule, lakini haya, nikamwombea ruhusa. Tukafika saa mbili asubuhi, tukakalia benchi hadi saa sita, ndipo akatoka mtu kutangaza kwamba chanjo zimeisha, wenye watoto wachanga wabaki, sisi wengine twende. Turudi lini? Hakusema. Mara ya tatu zilikuwapo. Niliziona mwenyewe, nesi akifunua kisanduku cha baridi na kuhesabu vichupa kwa ncha ya kalamu. Sasa shida ikawa karani wa kuandikisha. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi, kisha akaniuliza kwa sauti iliyofika hadi getini: "Shosho, mama yake anajua? Si hii ndiyo wanasema inafunga kizazi?" Foleni nzima ikageuka. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu na binti wa rika la mjukuu wangu akaokota mkoba wake, akamshika binti mkono, wakaondoka bila neno. Nikamkaripia yule karani kama ninavyojua kukaripia kidato cha pili, nesi akaja mbio, mjukuu wangu akadungwa, akalia machozi mawili, tukaenda zetu kula mandazi. Lakini yule binti mwingine je? Nani atamfuata nyumbani kwao? Mwenye kusambaza uvumi safari hii hakuwa jirani wala kikundi cha simu. Alikuwa amekaa nyuma ya meza ya serikali, muhuri mkononi. Saratani hii huua zaidi ya wanawake 3,000 kila mwaka hapa nchini. Mmoja wao alikuwa dada yangu, nilimzika 2011, na enzi za usichana wake hakukuwa na chanjo ya kuikimbia.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba sayansi hii haikuletwa na meli. Kuanzia mwisho wa 2018 hadi 2021, wasichana na wanawake vijana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 waliandikishwa na kufuatiliwa hapahapa kwetu, Thika, Nairobi na Kisumu, katika utafiti ulioitwa KEN SHE. Dkt Nelly Mugo wa KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, alikuwa miongoni mwa waliouongoza. Walitaka kujua kama sindano moja ya HPV yatosha, badala ya mbili au tatu. Majibu yakatoka 2022: kwa miezi 18 waliyofuatiliwa, dozi moja ilikuwa imetoa kinga ya asilimia 97.5 dhidi ya maambukizi sugu ya aina mbili za virusi zinazosababisha sehemu kubwa ya saratani hii. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likasema dozi moja yaweza kutosha. Nchi ambazo haziwezi kuionyesha Thika kwenye ramani zinaokoa pesa kwa sababu mabinti zetu walikubali kudungwa, kupimwa na kurudi kliniki tena na tena. Nimeisoma ripoti yako mara mbili nikiwatafuta. Hawamo. Yumo Wangari Maathai, naye ni kwa miti tu, kana kwamba hakuwahi kuingia maabara. Yule mama alipata shahada yake ya uzamifu 1971, Chuo Kikuu cha Nairobi, katika anatomia ya mifugo. Hadubini yake ilikuwa na slaidi.

Na kwa kuwa nimeshafungua mdomo, niseme na la sodo. Sheria ya 2017 inataka kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma apewe sodo bure, za kutosha, zenye ubora, na mahali salama pa kuzitupa. Shuleni kwa mjukuu wangu ziko kabatini, kabati lina kufuli, ufunguo uko mfukoni mwa naibu wa mwalimu mkuu, ambaye ni mwanamume mpole sana lakini ni mwanamume. Msichana hupewa moja, anatia sahihi. Vyoo vyao havina komeo, kwa hiyo huenda wawili wawili, mmoja ashikilie mlango. Sayansi wanasomea katika darasa lililokuwa la watoto wa Gredi ya Pili, ukutani bado kuna picha za ng'ombe na kikombe. Maabara hakuna. Mwalimu huchora ubaoni kichomeo cha Bunsen, wao wanakichora daftarini, kisha wanaandika: "Tuliona rangi ikibadilika." Nimeliona daftari lenyewe. Wamepigiwa tiki.

Pendekezo langu ni dogo. Kongamano lijalo lisifanyiwe hotelini. Lifanyiwe pale shuleni, siku ya shule, wageni wale wale wanane. Chai wanywe saa nne na wanafunzi, kisha waende msalani wawili wawili, mmoja ashikilie mlango. Mgeni wa heshima akitaka karatasi ya chooni akaiombe kwa naibu, apewe kipande kimoja, atie sahihi. Mchana wahamie zahanati, kila mmoja akae dakika kumi kando ya yule karani, asikilize. Ikibaki hela, wanunue makomeo. Nimeuliza jana dukani hapa Umoja, moja ni shilingi 150 na skrubu zake ndani.

Nawe ukimtuma mpigapicha wako, mwambie kabla hajabofya aulize slaidi iko wapi.

Mwalimu mstaafu,
Umoja, Nairobi