Barua kwa somo: nimeuona mkonge kwao

Somo yangu,

Assalaam aleikum. Mimi huku mzima, natumai na wewe na watoto hamjambo, na mama mfikishie shikamoo yangu. Safari ya Meksiko nimesharudi salama, na kwa vile kwenye meseji za sauti naruka ruka na wewe unataka vitu vya kuwaambia wanafunzi wako wa kidato cha pili, nimeona bora nikae nikuandikie kirefu, na nianze na lile lililonigusa kuliko yote, mkonge. Huu mkonge wetu wa Muheza na Korogwe nimeuona kwao. Yaani kwao kabisa, jimbo la Yucatán, umejiotea kando ya barabara kati ya mawe na hakuna anayeushangaa.

Tulifikia Mérida, ndo makao makuu ya jimbo. Wahispania waliuanzisha 1542 juu ya mji wa Wamaya, wenyeji wa asili wa huko, ulioitwa T'hó, mahekalu wakabomoa na mawe yake wakajengea makanisa na majumba yao, kwa hiyo hata kabla hujatoka hotelini ushaanza kuona siku itakavyokuwa. Basi dogo lilitupitia alfajiri giza bado halijatoka. Kijana aliyetutembeza ni Mmaya wa kijiji cha hukohuko, anaongea Kimaya, Kispanyola na Kiingereza, na kitu cha kwanza alichotuambia ni kwamba wageni kila siku wanamuuliza Wamaya walipotelea wapi na yeye anawajibu hawajapotea, huyo mmoja amekaa mbele yao. Na kweli, sensa ya Meksiko ya 2020 ilihesabu watu zaidi ya laki saba wanaoongea lugha hiyo. Somo nakwambia kama kuna kitu cha kuwalipia hela ni mtembezaji wa namna hii, usiende peke yako na kitabu, maana kila tulipofika alikuwa anaongea na wauza matunda, walinzi, vikongwe, wote kwa lugha yao, na sisi ndo tukapata kuelewa kwamba tumeingia nyumbani kwa watu.

Chichén Itzá, magofu ya mji wa kale wa Wamaya, tulifika saa mbili wanapofungua geti, na hiyo nawe ukienda siku moja ishike, kwa sababu ikifika saa tano jua linakuwa kali na watu wamefurika. Ile piramidi ya Kukulkán, mungu wao wa nyoka, umeiona kwenye picha. Ina ngazi 91 kila upande, pande nne, ukijumlisha na kile kidato cha juu kabisa unapata 365, siku za mwaka. Mwezi wa tatu na wa tisa, zile siku usiku na mchana vinapolingana, kivuli cha kona kinaangukia ukingo wa ngazi kinatengeneza kama nyoka anayeshuka mpaka kwenye kichwa cha jiwe kilichopo chini. Kupanda hawaruhusu tena. Tulisimama mbele ya ngazi kijana akapiga kofi moja, na mwangwi uliorudi haukuwa wa kofi, ulikuwa mlio mwembamba unaoteremka kama wa ndege, wenyewe wanaufananisha na quetzal, ndege wao mtukufu. Nilipiga na mimi. Nikapiga tena. Wale walijenga kwa hesabu, somo, tena bila vyombo vya chuma wala mnyama wa kubeba mzigo.

Uwanja wa mpira una urefu wa mita 168, kuta mbili ndefu na pete za mawe juu sana, mpira wenyewe wa utomvu wa mti, walikuwa wanaupiga kwa nyonga. Ukutani amechongwa mchezaji aliyekatwa kichwa na damu inamtoka shingoni inageuka nyoka. Sikupenda kukaa pale muda mrefu. Halafu kuna cenote takatifu, shimo kubwa la maji lenye kuta wima, kwa sababu nchi yote ile ni mwamba wa chokaa kama ule wa Amboni, juu hakuna mito, maji yanapita chini na paa likidondoka ndo unapata shimo. Wamaya walikuwa wanatupa humo dhahabu, jade, na watu pia, watoto wakiwemo. Edward Thompson, aliyekuwa konsuli wa Marekani, alinunua shamba zima lenye magofu na mwanzoni mwa karne ya 20 akawa anachota tope la lile shimo na vitu akavipeleka makumbusho ya Peabody ya Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, baadhi tu ndo vimerudi. Iliniuma kusikia, maana unajua na sisi vitu vyetu vingi viko Berlin.

Valladolid ni mwendo mfupi kuelekea mashariki. Mji mzuri, nyumba za rangi za chini chini, bustani katikati na kanisa lenye minara miwili, nao umejengwa juu ya Zací, mji wa Wamaya wa ukoo wa Cupul, na mawe ni yaleyale. Hapo hapo mwezi wa saba 1847 walimuua hadharani kiongozi wa Kimaya, Manuel Antonio Ay, na siku chache baadaye ikawaka vita kubwa ambayo wanahesabu iliendelea mpaka 1901. Wapiganaji wa Kimaya walikuwa na msalaba unaosema nao na kuwaahidi ushindi. Mimi moja kwa moja nikakumbuka Majimaji na babu zetu wa Songea, nikamsimulia kijana habari za Kinjikitile na yale maji, akanyamaza akanisikiliza mpaka mwisho.

Tulikula hapo. Kuku wa pibil, kapakwa mzingifuri uliosagwa na maji ya madanzi, kafungwa kwenye majani ya mgomba kafukiwa shimoni juu ya mawe ya moto, nyama inaachia mfupa yenyewe. Wengi wanapika hivyo nguruwe kwa hiyo lazima uulize kwanza. Na ile pilipili yao ya habanero ni ndugu wa pilipili mbuzi, nilijisikia nyumbani.

Sasa Izamal. Hapa ndo ningependa wanafunzi wako wapaone kuliko hata kule kwenye piramidi maarufu. Mji mzima manjano, kila ukuta manjano na nyeupe, na katikati nyumba ya watawa Wafransiskani, kubwa mno, iliyomalizika 1561. Imekaa juu ya jukwaa la hekalu la Wamaya. Jukwaa hawakulibomoa, waliondoa hekalu la juu tu wakaweka lao, kwa hiyo unapanda ngazi za Wamaya kwenda kwenye kanisa la Wahispania. Kijana akatupeleka kwenye ukuta akatuonyesha jiwe moja, limepachikwa tu katikati ya mawe mengine, lina nakshi ya mistari inayojikunja kona kona. Aliyelichonga alilichongea hekalu la mungu wake. Fundi aliyelipachika pale inawezekana kabisa alikuwa mjukuu wake. Niliweka kiganja juu yake, la moto kwa jua, na zile kona bado zina ncha.

Mkuu wa nyumba hiyo aliwahi kuwa Diego de Landa. 1562 huyu padri alichoma vitabu vya Wamaya hadharani kwenye mji wa Maní, na vitabu vyao vilivyobaki duniani leo ni vinne tu, viko Dresden, Madrid, Paris na Mexico City. Halafu huyohuyo akaja kuandika mila na herufi za watu wale, na maandishi yake ndo yaliyowasaidia wataalamu karne ya 20 kuanza kusoma yale maandishi ya kwenye mawe. Sanamu yake ipo Izamal, imesimama. Sijui ungejisikiaje, mimi nilikasirika, tena sana. Hatua chache kutoka hapo kuna piramidi ya Kinich Kakmó, imekaa kati ya nyumba za watu, hawakulipishi kitu, unapanda mpaka juu mita kama 34 na unaona nchi yote tambarare ya kijani mpaka macho yanaishia.

Na katika kijani hicho ndo kulikuwa mashamba ya mkonge. Tunarudi Mérida kijana akasimamisha gari kwenye gofu la shamba la zamani, bomba refu la moshi bado limesimama, nyumba ya mashine paa limeanguka na miti imeota ndani, na reli nyembamba zilizokuwa zinapita matroli yakivutwa na nyumbu. Nilijua kila kitu pale bila kuambiwa. Hapa korona, yaani kinu cha kukamulia majani, hapa wanaanika singa, zile nyuzi zenyewe, hapa kambi ya wafanyakazi. Walichopanda kwa wingi ni henequén, ndugu wa mkonge wetu, lakini Wamaya walikuwa nao wote wawili wakisokotea kamba kabla Mzungu hajafika. Mwisho wa karne ya 19 Marekani walitaka kamba za kufungia ngano kwenye mashine zao za kuvunia, matajiri wa Mérida wakatajirika kupindukia na Wamaya wakafungwa mashambani kwa madeni, unakopa kwenye duka la mwenye shamba, deni haliishi, mtoto analirithi, mpaka mapinduzi ya Meksiko yalipofika Yucatán 1915.

Na wakati huohuo ndo mche ukaja kwetu. 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ambako nako ilipelekwa kutoka Yucatán, na iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62. Hiyo 62, somo. Ndo iliyowatoa watu Songea, Njombe, Burundi, Msumbiji kuja kukata mkonge, ndo iliyomfanya babu awe manamba, apewe namba na kipande, ile kadi ya kuhesabia siku, afanye kazi siku 30 ndo alipwe. Nilimweleza kijana haya yote pale pale kwenye gofu na yeye akaniambia wazee wa mama yake walizaliwa kwenye shamba kama lile, ndani ya deni. Akakata jani, akalikwangua kwa mgongo wa panga mpaka singa nyeupe zikatoka, akazisokota pajani ikawa kamba, akanipa. Harufu ileile ya utotoni, ile ya maji ya korona. Nililia, na mama wa Kikorea tuliyekuwa naye akanipa kitambaa.

Kwa hiyo nakuomba kitu. Shangazi yule wa Mombo anacho kipande cha babu, kiko kwenye sanduku la bati pamoja na hati za kiwanja. Ukienda Idi nenda nacho mwangani kipige picha unitumie, nimemuahidi yule kijana na ananikumbushia. Piga na upande wa nyuma, mihuri ya siku za kazi iko huko.

Wasalaam,
somo yako