Mama Neema, usiiuze hiyo Carina, kaangalie bushi kwanza

Mama Neema mpendwa, mbukwenyi!

Huku Nkuhungu wazima, ni upepo na vumbi tu kama unavyoijua Dodoma mwezi wa saba, watoto wako likizo wanatumalizia sukari, Baba Baraka anakusalimia sana. Naenda moja kwa moja kwenye gari maana meseji yako imeniuma.

Eti fundi kakwambia injini imechoka, ama ifunguliwe ama umpe yule jamaa wa hapo Manyoni anayeitaka kwa bei ya kutupa. Jamani, Carina ya marehemu mzee! Usipokee hela ya mtu. Kwa maelezo yako mi naona injini ni nzima, kilichokufa ni bushi ya mauntingi, yaani mpira ulio kwenye vile vishikizo vinavyoifunga injini kwenye bodi, na hiyo ni kazi ya siku moja.

Angalia ulichoniandikia mwenyewe. Gia ya otomatiki ikiwa N (huru) au P (ya kuegesha) imetulia tuli, ukiweka D (ya kwenda mbele) umekanyaga breki pale trafiki anapokusimamisha ndo usukani na dashibodi vinatetemeka, ukiwasha AC inazidi, na ukitoa R (rivasi) kwenda D kuna kitu kinagonga "ko!" huko chini. Sasa plagi ikifa au injini ikikosa mgandamizo itatetemeka hata kwenye N, haichagui gia. Yako inachagua, kwahiyo shida iko kwenye vitu vinavyoishika injini isicheze na sio ndani ya injini.

Kwenye hizo Carina Ti injini imelala kwa upana na inashikwa na mauntingi 4. Ya kulia kule kwenye taimingi belti na ya kushoto kwenye giaboksi ndo zinabeba uzito, ya mbele na ya nyuma kazi yao kubwa ni kuizuia isijipindue pale nguvu inapoenda kwenye matairi. Ukiweka D upande wa mbele wa injini unataka kunyanyuka, ukiweka R unataka kushuka, na anayepokea hayo yote ni ile bushi, yaani mpira wenye bomba la chuma katikati ambamo bolti ndefu inapita. Gari yenyewe imetengenezwa kati ya 1996 na 2001, mpira wa umri huo kwenye joto la injini na jua la huku kwetu lazima upasuke, hakuna cha kushangaa hapo.

Kuhakikisha ni rahisi na haulipi hata mia. Fungua boneti, weka mawe kwenye matairi, vuta hendibreki, mtu mzima akae ndani akanyage breki kwa nguvu, aweke D apandishe mafuta kidogo sana, alafu R hivohivo. We simama PEMBENI, kamwe usisimame mbele ya gari wala nyuma yake. Injini ikitikisika kidogo ni kawaida, ila ikinyanyuka kama vidole viwili na kurudi kwa kishindo basi jibu umelipata, mulika tochi kwenye bushi ya mbele na ya nyuma utaona mpira umeachana na chuma.

Sasa kuna mafundi watakwambia tukate kipande cha tairi tuchomeke kwenye uwazi, mama utaokoa hela. Kataa. Ule uwazi kwenye mpira umewekwa makusudi ili umeze mtetemo, ukiujaza mtikisiko wote unahamia kwenye bodi na kwenye breketi, yaani chuma kinachoshika mauntingi, gari inanguruma kama trekta na siku moja breketi inapasuka. Na mauntingi ya mtumba mi siipendi hata kama ni ya Japani kweli, mpira unazeeka hata ukiwa umekaa tu. Nunua mpya, na beba ya zamani dukani mzilinganishe uso kwa uso.

Kama umepata bushi peke yake bila nyumba yake, inabidi ipelekwe kwenye presi, mashine ya kuigandamiza iingie, na kabla ya kutoa ile kuukuu muweke alama ya rangi kuonyesha yale matundu ya mpira yalikuwa yameelekea wapi, ikiingia imepinda haifanyi kazi yake. Wailainishe kwa maji ya sabuni, sio oili wala grisi, vinaufanya mpira uvimbe.

Kwenye kufunga simama hapohapo uone. Waya wa negativu wa betri utolewe, jeki iwekwe chini ya sampu (lile karai la oili chini ya injini) na ubao mpana katikati maana sampu ni bati inabonyea, na inyanyue kiasi cha kubeba uzito tu. Wafungue moja moja, wasilegeze zote kwa mpigo. Bolti ndefu ikigoma kutoka au kuingia wasiipige nyundo, hapo injini iko juu au chini kidogo tu, jeki ipandishwe au ishushwe taratibu bolti itateleza yenyewe. Alafu hapa ndo penye siri mama, bolti zote zikazwe kwa mkono kwanza, jeki itolewe, injini itikiswetikiswe, iwashwe, iingizwe D na R ijikalie inapotaka, izimwe, NDIPO zikazwe kabisa. Ukikaza wakati jeki bado imebeba, mpira unabaki umepinda muda wote na baada ya muda mfupi unachanika tena, watu wanaanza kulaumu spea.

Na usiondoke hapo bila kuuliza oili inatoka wapi. Hizi injini gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) inavuja, na ule mpira mdogo wa duara kwenye distributa (inayogawa umeme kwa plagi) nao unavuja, oili inashuka upande wa giaboksi inailoweka mauntingi ya kushoto mpaka inalegea. Vibadilishwe siku hiyohiyo, ni bei ndogo. Wamulike pia bomba la ekzosi pale linapotoka kwenye injini na waya wa athi (unaounganisha injini na bodi), injini ikiruka kwa muda mrefu hivyo ndo vinakatika.

Naomba leo jioni ukifika nyumbani ufanye hilo jaribio, Neema achukue video akiwa pembeni, nirushie. Ikiwa ni ya mbele peke yake nitaitafuta hapa madukani niipe basi la asubuhi linalokuja huko, utalipa ukipata mshahara. Na huyo jamaa mwambie gari haiuzwi.

Msalimie bibi na watoto.

Wako,
Mama Baraka