Barua ya wazi kwa mkuu wa forodha: tuwekeeni bango mpakani

Mheshimiwa,

Mbukwenyi, kwa salamu yetu ya Kigogo. Nakuandikia kutoka Hombolo, Dodoma, ninakolima zabibu ekari moja na nusu. Barua hii nimekaa nayo moyoni tangu mwezi wa sita, nikijiambia kwamba yaliyonipata yalikuwa ya siku moja na ya mtu mmoja. Jumanne iliyopita jirani yangu, mama anayefuata vitenge ng'ambo, amerudi analia kwa jambo lile lile, kwenye mpaka ule ule. Nimeshindwa kunyamaza.

Nilikwenda kumwoza mpwa wangu nchi jirani. Nilibeba chupa mbili za mvinyo wa Dodoma, mililita 750 kila moja, maana mkulima wa zabibu haendi harusini mikono mitupu. Ofisa wa upande wa wenzetu alizihesabu, akasema ni lita moja na nusu, mwisho ni lita mbili, pita mama. Akanitakia harusi njema.

Wakati wa kurudi wakwe walinipa chupa moja ya pombe kali, nayo mililita 750, kwa ajili ya wazee wa nyumbani, na pakiti nne za ugoro, gramu 50 kila moja, za mama yangu. Mama amepita miaka 80. Macho yamekwisha, miguu imekwisha, ugoro ndiyo starehe iliyobaki. Basi huku kwetu, nikiwa nimeshakanyaga ardhi ya nyumbani, ndiko begi langu lilikomwagwa mezani mpaka nguo za ndani. Nikaambiwa pombe kali haipiti hata tone, na tumbaku ya aina yoyote ni magendo. Nilipe elfu themanini na tano.

Niliomba namba ya malipo nilipe kwa simu. Nikajibiwa hapa ni taslimu. Niliomba risiti. Nikaulizwa kama nataka kulala pale. Basi linapiga honi, abiria wananitazama kama mwizi, kondakta anatishia kushusha mizigo yangu. Nilitoa elfu sitini, ndiyo yote niliyokuwa nayo, na bado chupa na ugoro vikabaki mezani. Nimesafiri mpaka Dodoma bila hata ya chai. Nilishuka saa tisa usiku, sina nauli ya bodaboda, nikakaa kwenye benchi la stendi mpaka kukakucha. Mimi ni mwanamke wa miaka 57, Mheshimiwa.

Mwanangu aliye chuo ndiye aliyenitafutia sheria na kunisomea. Ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, Jedwali la Tano. Abiria aliyetimiza miaka 18 anasamehewa ushuru wa pombe kali isiyozidi lita moja, au mvinyo usiozidi lita mbili. Sigara, tumbaku na ugoro, vyote kwa pamoja, visizidi gramu 250. Viwe kwenye mzigo alioongozana nao, na visiwe vya biashara. Ugoro umeandikwa kabisa, kwa jina lake! Mimi nilikuwa na gramu 200 na chupa isiyofika lita. Nilitozwa kwa kosa gani?

Nimejaribu kuwaelewa vijana wako. Labda wanabanwa na malengo ya makusanyo. Labda yule aliangalia chupa akakosa stempu ya kielektroniki, ile iliyoanza kubandikwa kwenye vileo na sigara mwaka 2019, akadhani ameshika magendo. Lakini chupa iliyonunuliwa dukani nchi nyingine itapata wapi stempu yetu? Na magendo yapo, sikatai. Wanaopitisha makatoni kwa njia za panya wanatuumiza hata sisi tunaouza zabibu viwandani. Hao wakamatwe. Lakini mwenye makatoni hapiti mbele ya ofisa na begi la mkononi na kanga ya harusi.

Miaka yote mmetufundisha, redioni na kwenye mabango ya barabarani: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Nilidai. Na katika semina ya wajasiriamali wadogo niliyohudhuria hapa Dodoma, maofisa walituahidi kwa vinywa vyao kwamba viwango vya msamaha wa abiria vitabandikwa kila mpaka, kwa Kiswahili. Jirani yangu anasema Jumanne hakuona bango. Mimi mwezi wa sita sikuona.

Sidai elfu sitini zangu, ingawa ziliniuma, zilikuwa za dawa ya ukungu ya shambani. Naomba bango. Liandikwe kwa herufi kubwa: pombe kali lita moja au mvinyo lita mbili, tumbaku gramu 250, miaka 18, na kwamba hakuna malipo bila risiti. Liwekwe pale mezani begi linapofunguliwa, abiria na ofisa walisome pamoja. Bango moja, Mheshimiwa. Gharama yake haiwezi kuwashinda.

Mpwa wangu anatarajia kujifungua mwezi wa kumi na mbili na nitakwenda kumlea. Mama ameshaniagiza ugoro tena, sikuthubutu kumwambia ule wa kwanza ulikokwenda. Nitabeba pakiti nne, gramu 200. Naomba siku hiyo nilikute bango.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa zabibu, Hombolo