Risala ya Wanafunzi wa Uhandisi wa Mwaka wa Kwanza kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Idara, walimu wetu, wanafunzi wenzetu na wageni waalikwa: tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo. Nawe tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako na kuvumilia foleni ya Dar es Salaam ili uje kutusikiliza.

Ndugu Mgeni Rasmi, sisi ni kikundi cha kujisomea fizikia. Tuko wa ujenzi, wa umeme na wa mitambo. Wengi tumetoka mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) na alama nzuri, tukiamini fizikia ya chuo ni ile ile ya kidato cha sita, ila ndefu zaidi. Sivyo. Kule tulizoea kusaka fomula inayolingana na namba tulizopewa. Hapa swali haliji na fomula yake. Unachora kitu chenyewe, unaonyesha kila kani inayokigusa, ndipo unaandika mlinganyo. Na mchapuko, yaani kiwango cha kubadilika kwa kasi, usipokuwa wa kudumu, kalkulasi (hisabati ya mabadiliko) haikwepeki. Aliyekariri hukwama hapo, hata awe na bidii kiasi gani.

Kilichotufungua macho ni kuyaleta maswali mjini kwetu na kuyajadili kwa Kiswahili kabla ya kuyaandika kwa Kiingereza. Chukua basi la mwendokasi. Likitoka kilomita 30 kwa saa likafika 60, kwa breki zile zile umbali wa kusimama huwa mara nne, wala si mara mbili, kwa kuwa nishati mwendo hufuata kipeo cha pili cha kasi. Masika lami ikilowa, msuguano hupungua na umbali huzidi tena. Abiria wote wa jiji hili wanaguswa na hesabu hiyo. Wenzetu wa ujenzi nao walichora nyaya za Daraja la Nyerere kule Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016, wakaigawa kani ya waya mmoja katika sehemu ya wima na ya mlalo. Vekta, yaani vitu vyenye ukubwa na mwelekeo kama kani, zikaeleweka.

Ndugu Mgeni Rasmi, tatizo letu kubwa ni vipimo. Tulining'iniza jiwe kwa uzi wa mita 1, tukahesabu bembea 20 kwa saa ya simu, tukagawanya: kila bembea, kwenda na kurudi, ni karibu sekunde 2. Kutoka hapo unapata mchapuko wa mvutano wa dunia. Vitabu vingi huandika mita 9.81 kwa sekunde mraba. Hapa Dar es Salaam, karibu na ikweta, ni takriban 9.78, maana dunia inajizungusha na imetuna katikati. Tofauti hiyo ndogo inatusisimua sana, lakini uzi na simu haviwezi kuithibitisha kwa uhakika, na mhandisi asiyejua ukubwa wa kosa la kipimo chake ni hatari kwa watu.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, utusaidie kupata vipima muda vya kielektroniki na mizani sahihi za maabara. Pili, utuombee kwa uongozi maabara ibaki wazi jioni, na wanafunzi wa mwaka wa tatu waruhusiwe kutuongoza katika vikundi vidogo. Wao wako tayari, tumeshazungumza nao.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.