Sarafu tano za Kilwa: barua kwa vijana waandishi wa bunilizi

Wajukuu zangu,

Nimesikia mnaandika bunilizi za kisayansi kwa Kiswahili, nami nimefurahi mno. Ninalo ombi: kabla hamjarusha chombo angani, shikeni sarafu.

Mwaka 1944, vita vikiendelea, askari wa jeshi la anga la Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu mchangani kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Alikaa nazo miaka mingi. Zilipokuja kuchunguzwa, tano zilikuwa za Kilwa. Kilwa yetu hii, zaidi ya kilomita 9,000 kutoka pale! Aliyezifikisha hajulikani hadi leo.

Najua akili zenu zinakokimbilia: majini, viumbe wa sayari nyingine. Kaeni kwanza na sarafu yenyewe. Ni ya shaba, si ya dhahabu; ni chenji ya sokoni. Upande mmoja ina jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, na pande hizo mbili zina vina. Watu waliotia vina hata kwenye chenji! Nikiliwaza hilo usingizi hunipaa.

Sasa jiulizeni. Mvuka bahari hubeba dhahabu, pembe, ushanga. Chenji isiyopokelewa ng'ambo aliibebea nini? Ilikuwa hirizi? Alipewa na mama yake? Au alitarajia kurudi, anunue samaki siku ya kushuka pwani? Mwanaakiolojia hapo hana pa kushika, maana sarafu ziliokotwa bila kuandikwa zililala katika tabaka gani, pamoja na nini. Ninyi mnaweza kuingia. Ila mkienda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale, nawasihi, hata kigae kimoja msiokote. Mahali kilipolala ni nusu ya habari yake.

Lipo linaloniuma. Enzi za ukoloni wataalamu waliandika kwamba miji yetu ya mawe ni kazi ya wageni kutoka ng'ambo. Leo mkimpa kiumbe wa angani sifa ya kujenga Husuni Kubwa, kasri la sultani wa Kilwa, na lile bwawa lake la pembe nane, mnawanyang'anya mafundi wetu mara ya pili. Mleteni kiumbe huyo, simkatai. Lakini aje kama mgeni, apige hodi, amkute fundi anachonga matumbawe.

Mkishaandika, njooni mnisomee kwa sauti. Macho yangu yamechoka, masikio bado.

Babu yenu,
Kilwa Masoko