Kwa mpwa wangu: usimtupe Juvayni

Mpwa wangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Umeniambia unamwondoa Ata-Malik Juvayni, mwanahistoria Mwajemi wa karne ya kumi na tatu, kwenye tasnifu yako kwa sababu alikula sahani moja na wauaji, yaani Wamongolia. Nakusihi usifanye haraka, na nakuandikia hadharani kwa kuwa najua wenzako wengi wanamhukumu hivyo hivyo.

Kweli, alikula nao. Alizaliwa mwaka 1226, wakati Khorasan, nchi ya kwao mashariki mwa Uajemi, ilikuwa bado magofu baada ya majeshi ya Genghis Khan kupita. Ukoo wao ulikuwa wa makatibu wa serikali tangu enzi za masultani, na baba yake, Baha al-Din, aliwasimamia Wamongolia mambo ya fedha. Kijana akaingia ofisini mapema, akafuatana na gavana Arghun Aqa hadi Karakorum, makao makuu ya dola. Huko, mnamo 1252 na 1253, marafiki walimhimiza aandike, akaanza Tarikh-i Jahangushay, historia ya mshinda dunia.

Sasa fungua sehemu ya kutekwa kwa Bukhara, mji wa Asia ya Kati, mwaka 1220. Genghis Khan anaingia msikiti mkuu, anauliza kama hiyo ni kasri ya sultani. Anajibiwa kuwa ni nyumba ya Mungu. Anashuka farasini, anapanda ngazi za mimbari, anaamuru farasi walishwe. Makasha ya misahafu yanatolewa uani na kugeuzwa mahori, kurasa zinakanyagwa kwato kwa kwato, masharifu na wanazuoni wamesimama wakichunga farasi. Imamu mmoja anamuuliza mwenzake ni nini hiki anachokiona. Mwenzake anamwambia anyamaze: ni upepo wa Mungu unaovuma. Kisha anakuja mkimbizi aliyefika Khorasan, anaulizwa habari za mji wake. Anajibu: walikuja, wakabomoa, wakachoma, wakaua, wakapora, wakaenda zao.

Aliyeyaandika hayo alikuwa mtumishi wa wajukuu wa Genghis Khan. Zipo pia kurasa za kumsifu Möngke, mjukuu aliyekuwa khan mkuu, tena nyingi, na mimi huzichoka. Lakini mwandishi aliyenunuliwa asingeyaacha ya Bukhara yasomeke namna ile.

Linaloniuma mimi ni Alamut. Mwaka 1256 ngome ile ya Waismailia wa Nizari, tawi la Washia, ilisalimu amri kwa Hülegü, ndugu yake Möngke aliyeongoza jeshi Uajemi, na Juvayni, aliyekuwa katibu wake, akaomba ruhusa ya kukagua maktaba. Akatoa misahafu, vitabu alivyoviona vya thamani na vyombo vya elimu ya nyota. Vilivyobaki, vya madhehebu aliyoyaona upotovu, akavichoma, na mwenyewe anasimulia bila kuona haya. Jirani zetu Waismailia wa Dar es Salaam na Mombasa ni warithi wa imani ile, na hasara hiyo ni yao hadi leo. Hata hivyo, kabla ya moto alikuta wasifu wa Hasan-i Sabbah, mwanzilishi wa dola ya Waismailia hao pale Alamut, akanukuu mengi humo. Asilia imepotea. Ukimfuta Juvayni, sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu Hasan inakwenda naye. Msome kwa ukali, mbishie kila mstari wa matusi yake dhidi ya Waismailia, lakini msome.

Mwaka 1259 Hülegü alimpa Baghdad aitawale, mwaka mmoja baada ya mji kutekwa na khalifa kuuawa. Akaukarabati, akachimbisha mfereji kutoka Furati kuelekea Kufa na Najaf ili mashamba yapate maji. Maadui wakamsingizia kula mali ya serikali. Akafungwa, mali yake ikachukuliwa. Abaqa, mwana na mrithi wa Hülegü, alipofariki 1282, ndugu yake Tegüder akatawala, akamwachia huru. Mwaka uliofuata akafa. Ndugu yake, waziri Shams al-Din, aliuawa mwaka 1284 kwa amri ya Arghun, mwana wa Abaqa (si yule gavana Arghun Aqa).

Kuna jambo moja nataka ulishike. Kitabu chake kinaishia kwenye kuanguka kwa Waismailia. Baghdad haimo. Aliingia na jeshi la Hülegü, akautawala mji huo zaidi ya miaka ishirini, akapita kila siku kwenye mitaa iliyochinjiwa watu, na kitabu hakisemi neno. Baadhi ya nakala zina kiambatisho kuhusu kutekwa kwa Baghdad, lakini hicho hunasibishwa na Nasir al-Din Tusi, mwanazuoni aliyemtumikia Hülegü. Yule aliyethubutu kuandika ya Bukhara, kwa nini alinyamazia Baghdad? Tasnifu yako naona ianzie hapo.

Mjomba wako